Perege na Kambale: Samaki Wawili, Ndoano Mbili

Mto Ngerengere unatoka katika milima ya Uluguru. Unaingia katika bwawa la Mindu, karibu na mji wa Morogoro. Kisha unaendelea mpaka unakutana na mto Ruvu. Katika maji hayo wamo perege na kambale. Watu wengi huwavua samaki hawa wote kwa ndoano moja na chambo kimoja. Wakirudi mikono mitupu husema hawakuwa na bahati. Mara nyingi si bahati. Hawajui samaki huyo anakulaje.

Tuanze na perege. Perege ana mdomo mdogo. Hula ukoga, majani laini ya majini na wadudu wadogo. Hawezi kumeza ndoano kubwa. Basi ndoano yake iwe ndogo, upana wake usizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ifunge kwenye mshipi mwembamba wa nailoni, na mshipi uufunge kwenye ufito wa mwanzi. Juu ya ndoano, kiasi cha urefu wa mkono, funga chelezo. Chelezo ni kitu kinachoelea ili kikuonyeshe samaki anapogusa chambo. Kipande cha bua la mtama kinafaa. Hata kipande cha ndala kuukuu kinafaa. Chambo kiwe mnyoo, au kidonge cha ugali mgumu kama punje ya harage. Kifunike ncha ya ndoano.

Nenda asubuhi na mapema, au jioni jua likipoa. Keti chini. Kivuli chako kisianguke majini, wala usitembee kwa kishindo. Perege huonja kwanza, na chelezo hutikisika kidogo kidogo. Usivute! Ngoja mpaka chelezo kizame au kiende upande. Hapo inua ufito mara moja, lakini usiunyakue kwa nguvu. Mimi nilimaliza kopo zima la minyoo kwa haraka zangu. Mtoto wa darasa la pili aliyeketi karibu nami alipata perege saba.

Kambale ana tabia nyingine. Hana magamba. Ana sharubu nane mdomoni, na kwa sharubu hizo hutambua chakula hata gizani, hata ndani ya tope. Hupenda kutafuta chakula usiku, chini kabisa. Kwa hiyo chelezo hakihitajiki. Kinachohitajika ni uzito wa kuzamisha chambo, kwa mfano nati ya baiskeli. Mshipi uwe mnene na ndoano iwe kubwa, maana kambale ana nguvu. Chambo kiwe kitu chenye harufu: utumbo wa kuku, kipande cha samaki, au minyoo mingi pamoja. Wako wavuvi wanaotumia hata kipande cha sabuni. Unaweza kufunga mshipi kwenye mti imara jioni, ukaenda kulala, ukautazama alfajiri.

Ukimtoa kambale majini, angalia mikono yako. Kila pezi la ubavuni lina mwiba mkali, na jeraha lake huuma sana. Mshike kutoka nyuma ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miiba hiyo. Usimwache wazi kwenye majani mabichi ukidhani amekufa. Kambale huweza kuvuta hewa kama sisi, na atatambaa kurudi majini.

Wapo watakaosema kazi hii ni ndefu. Wanajua mmea wa utupa. Majani yake yakitwangwa na kutiwa mtoni, samaki wengi hufa kwa mara moja. Wengine hutia dawa za kuulia wadudu wa shambani, na hizo ni hatari zaidi. Lakini maji ya Mindu hunywewa mjini Morogoro. Maji ya Ruvu hunywewa mpaka Dar es Salaam. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti.

Tena sumu haichagui. Perege jike huyatunza mayai yake ndani ya mdomo mpaka yaanguliwe. Wakati huo hali chakula, au hula kidogo sana. Ndoano humkosa, naye huendelea kulea watoto wake. Sumu humwua yeye pamoja na watoto wote waliomo mdomoni.

Ndoano ina faida nyingine: unavua ukiwa mahali pakavu. Katika maji yaliyotulia wanaweza kuwapo konokono wanaoeneza kichocho. Mwenye kuingia majini kuburuta wavu anaweza kuambukizwa. Na kabla ya kuvua bwawani, uliza kwa Bwana Samaki au ofisi ya kijiji ni wapi panaruhusiwa, na kama unahitaji leseni.