Picha Moja kwa Jicho Lililotulia

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha matokeo ambayo mwalimu asiyependa simu darasani angeyabandika ukutani. Aliwatembeza wanafunzi katika jumba la makumbusho. Vitu vingine waliviangalia tu, vingine wakavipiga picha. Kesho yake, walivyovipiga picha ndivyo walivyovisahau zaidi, kana kwamba kazi ya kukumbuka waliikabidhi kamera.

Jaribio hilo lina nusu ya pili, na kwa mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza ndiyo yenye faida. Walipoambiwa wavute picha karibu, wachukue sehemu moja tu ya kitu, hasara ile haikuonekana. Hata sehemu zilizobaki nje ya picha walizikumbuka.

Wale walikuwa watu wazima wa chuo, si watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo tusiyabebe matokeo yote kichwa kichwa. Lakini yanaoana na jinsi umakini unavyofanya kazi. Tangu mwaka 1990, Michael Posner na Steven Petersen wameueleza kuwa ni mifumo kadhaa ya ubongo: kuwa macho, kuelekeza fikra mahali fulani, na kuyazuia yanayovuruga. Mtoto anayeambiwa "angalia vizuri" haambiwi aanzie wapi. Akiambiwa "nipigie picha ya mshipa mmoja wa jani hili, ujae kioo kizima", amepewa mahali pa kuelekea na kipimo cha kujua kama amefika. Atasogea, ataona ukungu, atatuliza mkono, atarudia. Anayeshindwa kugusa kioo anaweza kupiga kwa kitufe cha sauti katika simu nyingi.

Picha ina faida nyingine: haiyeyuki. Watoto wengi wenye matatizo ya kujifunza hupoteza maelezo kabla hawajayatumia, kwa kuwa kumbukumbu yao ya muda mfupi hubeba machache. Picha hungoja. Mpiga picha Wendy Ewald, Mmarekani, alianzisha mradi wa kusoma na kuandika kupitia picha, ambao baadaye uliwafikia walimu wa Arusha: mtoto hupanga picha, huipiga, kisha huiandikia.

Jambo moja walimu wasilipuuze. Utafiti wa Alixandra Barasch na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanaojichagulia cha kupiga picha, tofauti na wale wa Henkel walioelekezwa, hukumbuka zaidi walichokiona na kidogo zaidi walichokisikia. Basi mtoto anapolenga, nyamaza. Maelekezo yatangulie, maswali yafuate.

Wala tusiuze dawa isiyokuwepo. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya tafiti za michezo ya kompyuta ya kunoa kumbukumbu, wakakuta washiriki, watoto na watu wazima, huwa hodari katika kazi zinazofanana na mchezo wenyewe, lakini uhodari huo hauvuki kwenda kwenye kusoma na hesabu. Sioni kwa nini picha iepuke mtego huo ikifanywa peke yake. Ndiyo maana ipigwe ndani ya somo: jani kwenye sayansi, herufi za kibao cha duka kwenye kusoma.

Mzazi mwenye simu anaweza kuanza leo. Zima data, mruhusu mwanao picha tatu tu, kisha mkae naye akueleze kwa nini amechagua hizo.