'Idiot': Tusi la watoto lililowahi kuandikwa kwenye mafaili ya madaktari

Mzazi mwenye watoto wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza hahitaji kusubiri sana kulisikia. Wadogo wawili wanagombea rimoti, mmoja anamwaga uji, au kaka anamfundisha mdogo wake hesabu na jibu halitoki. Ghafla sauti inapanda: "Wewe ni idiot!"

Wazazi wengi hukemea kwa sentensi moja, "Acha matusi," kisha maisha yanaendelea. Mtoto naye hujifunza kwamba neno hilo ni baya, lakini hajui ubaya wake umetoka wapi. Pengine mzazi mwenyewe hajui.

Neno hilo lina safari ndefu. Halikuzaliwa tusi. Lilianza kama jina la mtu wa kawaida, likaingia mahakamani, likahamia hospitalini, na kwa miongo mingi daktari aliliandika kwenye faili la mtoto kama anavyoandika leo malaria au pumu. Kwa mzazi, hasa mwenye mtoto anayechelewa kujifunza, safari hiyo ina somo kubwa.

Mwananchi asiye na cheo

Katika Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, neno "idiotes" lilitokana na "idios", yaani kitu cha mtu binafsi. Mtu aliyeitwa hivyo alikuwa raia asiyeshika cheo cha umma, anayeshughulika na mambo yake. Lilitumika pia kwa mtu asiye na utaalamu fulani. Mbele ya tabibu, mkulima aliitwa hivyo, kwa sababu tu hakusomea utabibu.

Warumi walilichukua wakaliingiza katika Kilatini kama "idiota", na maana ikasogea kidogo: mtu asiyesoma. Wanaosoma Biblia wanakumbuka kisa cha Petro na Yohana mbele ya wakuu wa Kiyahudi, katika Matendo ya Mitume sura ya 4, ambapo wakuu walishangaa kuona watu wasio na elimu wakizungumza kwa ujasiri. Katika Biblia ya Kilatini, neno lililotumika kwa mitume hao wawili ni hilohilo. Hakuna aliyekuwa na maana kwamba Petro ana ulemavu wa akili. Walichosema ni kwamba mvuvi huyu hajakaa darasani.

Kupitia Kifaransa, neno likavuka bahari na kuingia Uingereza katika karne ya 14.

Peni 20 mbele ya jaji

Huko Uingereza sheria ndiyo iliyolibana neno hili. Tangu enzi za kati, sheria iliwatenganisha watu wa aina mbili: aliyezaliwa na akili pungufu, na aliyezaliwa na akili timamu kisha akapatwa na wazimu ukubwani. Wa kwanza ndiye aliyekuja kuitwa "idiot".

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa mali. Mwenye wazimu aliweza kupona, hivyo mfalme alipaswa kumtunzia ardhi yake na kumrudishia akipata nafuu. Lakini ardhi ya yule wa kwanza ilishikwa na mfalme maisha yake yote. Mfalme alimpa mahitaji yake, faida iliyobaki akaichukua mwenyewe, na ardhi ikarudi kwa warithi baada ya mtu huyo kufa. Kwa hiyo kumtangaza ndugu wa mtu kuwa "idiot" halikuwa jambo la mdomo tu. Lilihamisha mapato ya shamba.

Je, walimtambuaje? Mwaka 1534 mwanasheria Anthony Fitzherbert aliandika kipimo chake: ni mtu asiyeweza kuhesabu peni 20, asiyeweza kusema baba yake au mama yake ni nani, wala kujua ana umri gani. Hata hivyo, Fitzherbert aliongeza jambo muhimu. Ikiwa mtu huyo anaweza kujifunza herufi na kusoma kwa kufundishwa na mwingine, basi huenda hastahili kuitwa hivyo.

Mlango huo mdogo wa kufundishika ulibaki karibu bila kuguswa kwa miaka 300.

Neno lahamia hospitalini

Aliyeufungua kwa nguvu ni Mfaransa, Édouard Séguin. Katika miaka ya 1840 alifundisha jijini Paris watoto ambao wengi waliamini hawafundishiki. Alianza na mwili: kutembea, kushika, kugusa vitu laini na vya kukwaruza, kutofautisha rangi na maumbo. Mwaka 1846 alichapisha kitabu kuhusu njia zake, na neno "idiots" lilikuwa kwenye jina la kitabu. Kwake halikuwa tusi. Lilikuwa jina la kitaalamu la wanafunzi aliowapigania.

Miaka hamsini na zaidi baadaye, daktari wa Kiitaliano aitwaye Maria Montessori alizisoma kazi za Séguin, akazitumia kwa watoto wenye ulemavu wa akili jijini Roma, kisha mwaka 1907 akafungua shule ya watoto wengine wadogo. Mzazi anayempeleka mwanaye leo katika chekechea ya Montessori, akamkuta anapanga vipande vya mbao na kufunga vifungo, anaona mbinu ambazo sehemu ya mizizi yake ni kwa watoto waliokuwa wakiitwa kwa neno hilo.

Nako Uingereza, daktari John Langdon Down alisimamia makazi makubwa ya watu hao huko Earlswood. Mwaka 1866 alieleza kundi la watoto waliofanana kwa sura na ukuaji. Hali hiyo leo inabeba jina lake, sindromu ya Down. Lakini yeye aliwafananisha na watu wa Mongolia, na kwa karibu miaka 100 watoto hao waliitwa kwa jina la taifa la watu wengine. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliacha kulitumia mwaka 1965, baada ya Mongolia yenyewe kulalamika.

Ngazi tatu za kuwapanga watoto

Mwaka 1905 Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha akili. Lengo lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Kipimo hicho kilipofika Marekani, mwanasaikolojia Henry Goddard alikigeuza ngazi. Kufikia mwaka 1910, mtu mzima mwenye umri wa akili usiozidi miaka miwili aliitwa "idiot", wa miaka mitatu hadi saba "imbecile", na wa miaka minane hadi 12 "moron". Neno hilo la tatu Goddard alilitunga mwenyewe kutoka Kigiriki.

Kilichofuata hakikuwa cha darasani tena. Majimbo mengi ya Marekani yalipitisha sheria za kuwafunga kizazi watu waliowekwa kwenye ngazi hizo. Mwaka 1927 kesi ya Carrie Buck, msichana wa Virginia, ilifika Mahakama ya Juu. Carrie alibakwa, akapata ujauzito, kisha akapelekwa katika makazi ya watu wenye akili pungufu, ambako mama yake naye alikuwa amewekwa. Majaji wanane dhidi ya mmoja waliruhusu afungwe kizazi. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba vizazi vitatu vya "imbeciles" vinatosha.

Kizazi cha tatu alichokitaja kilikuwa binti wa Carrie, Vivian, aliyepewa jina hilo akiwa bado mtoto mchanga. Vivian alianza shule, na kuna wakati aliingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki kwa maradhi akiwa na miaka minane. Mama yake aliishi hadi uzeeni bila kupata mtoto mwingine. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za aina hiyo.

Jina jipya, dharau ileile

Kufikia katikati ya karne ya 20, maneno yote matatu yalikuwa yameshakuwa matusi ya mitaani. Mwaka 1950 wazazi wa Marekani waliochoka kuambiwa wawafungie watoto wao kwenye makazi waliunda chama chao cha kitaifa. Kwenye jina lake waliweka neno walilodhani ni la upole: "retarded", yaani aliyecheleweshwa. Aliyechelewa, angalau, bado yuko njiani.

Upole huo haukudumu. Watoto wa shule walilipokea neno hilo na kuligeuza kejeli kama walivyofanya kwa yaliyotangulia. Chama cha wazazi kikaliondoa kwenye jina lake. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alisaini sheria inayoitwa Sheria ya Rosa, iliyoliondoa katika sheria za shirikisho za afya, elimu na kazi na kuweka "ulemavu wa akili". Rosa alikuwa msichana wa miaka tisa mwenye sindromu ya Down. Kaka yake aliwaambia watunga sheria wa jimbo lao la Maryland kwamba namna mnavyowaita watu ndivyo mnavyowatendea.

Mwanaisimu Steven Pinker ameufananisha mwenendo huu na mashine ya kukimbilia mazoezini: miguu inakwenda, mtu yuko palepale. Jina jipya huja safi, lakini kama dharau kwa mtu anayeitwa haijaondoka, baada ya muda nalo huchafuka.

Maneno ya kaka yake Rosa na ya Pinker yanaonekana kupingana, ila yote yana ukweli. Jina baya hurahisisha kutenda vibaya, kama Carrie alivyotendewa. Lakini jina zuri peke yake halimlindi mtoto ambaye nyumbani anafichwa chumbani wageni wanapokuja.

Na hapa kwetu?

Neno hilo lilifika Afrika Mashariki ndani ya vitabu vya sheria vya mkoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyorithiwa kutoka enzi hizo, ilikuwa na kifungu cha 137 kinachohusu kuwanajisi "idiots" na "imbeciles". Lengo lilikuwa kuwalinda, lakini kwa maneno ambayo leo mwalimu humwadhibu mtoto akiyatamka.

Kiswahili nacho kina mzigo wake. "Punguani" limetokana na kupungua. "Taahira" na "zezeta" yamewahi kutumika kueleza hali ya mtu, na sasa hurushwa kwa dereva anayekata njia au mtoto aliyepata sifuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imelitanguliza neno "watu", kisha ulemavu. Vivyo hivyo, "mtoto mwenye ulemavu wa akili" huanza na mtoto.

Kuna pia mkanganyiko ambao majaji wa Kiingereza waliukwepa karne nyingi zilizopita, lakini nyumba nyingi bado zinao. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Wa kwanza huanza utotoni na hugusa namna mtu anavyojifunza na kujihudumia. Wa pili unaweza kumpata mtu yeyote, katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Mtindio wa ubongo nao ni jambo jingine: huathiri zaidi misuli na mwendo, na wapo wenye hali hiyo ambao akili zao hazina tatizo lolote. Mtoto aliyepewa jina lisilo lake hukosa huduma iliyo yake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mtoto akitamka "idiot" au "zezeta", usiishie kukemea. Muulize alitaka kusema nini. Mara nyingi jibu ni "amenikasirisha" au "amekosea". Mfundishe kusema hivyo. Kisha mweleze kwa ufupi kwamba neno lile lilikuwa jina la watoto waliochelewa kujifunza, na kwamba huenda darasani kwake yupo mmoja anayelisikia kila siku.

Pili, jisikilize wewe. Watoto wengi hulipata neno la dharau kwanza kwenye meza ya homuweki, kutoka kwa mtu mzima aliyechoka.

Tatu, kama mwanao anachelewa kukaa, kutembea, kuongea au kuelewa maelekezo kuliko wenzake wa rika lake, mpeleke kliniki mapema. Omba apimwe pia kusikia na kuona, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huweza kudhaniwa haelewi. Ukipewa jina la hali yake, liulizie: lina maana gani, na mtoto huyu anahitaji nini ili ajifunze? Jina lisilofuatwa na msaada halimsaidii kitu.

Nne, zipo sababu zinazozuilika. Chumvi yenye madini joto jikoni, kuhudhuria kliniki ya wajawazito na kujifungulia kwenye kituo cha afya hupunguza hatari kwa mtoto.

Na kama mtoto huyo ni wako, usimfiche. Mfundishe kufunga vifungo, kuteka maji, kuhesabu sarafu. Akifika kwenye 20, Fitzherbert angelazimika kufuta jina lake kwenye daftari. Asipofika, bado ana jina mlilompa siku alipozaliwa. Mwiteni kwa hilo.