Mwongozaji na Mtunzi wa Filamu

Watazamaji wengi wa sinema humkumbuka mchezaji, wakamsahau aliyeiongoza kazi yote. Mnamo Januari 1954, kijana Mfaransa François Truffaut, ambaye miaka michache kabla alifungwa kwa kutoroka jeshini, aliandika katika jarida la Cahiers du cinéma kwamba waongozaji si wa namna moja.

Wako wanaopokea mswada ulioandikwa na wengine, wakaupanga mbele ya kamera kwa ustadi, wala wasiongeze neno lao. Hao ni wapangaji. Wako pia watunzi, kama Jean Renoir na Robert Bresson, ambao filamu zao hutambulikana kama mtu anavyotambulikana kwa mwandiko wake.

Tusimdharau mpangaji, kwani kazi safi ni kazi safi. Hata André Bazin, mlezi wa Truffaut, alionya mwaka 1957 kwamba jina kubwa haliigeuzi filamu mbaya kuwa njema.

Lakini yako mambo yanayomhitaji mtunzi. Tarehe 1 Desemba 1944, huko Thiaroye, Senegal, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake Waafrika waliodai malipo yao. Ousmane Sembène, aliyepata kuvaa sare ya jeshi hilo hilo, akishirikiana na Thierno Faty Sow, aliandika na kuongoza filamu Camp de Thiaroye mwaka 1988. Kisa hicho hakikupangwa tu. Kilisemwa na mtu aliyeujua uzito wa sare ile.

Basi, ndugu askari, mkitazama filamu ulizeni: ni nani anayesema hapa?