Uwanja Usio na Paa

Wanangu, Pemba tuna ukumbi wa michezo ambao hakuna upepo uliowahi kuuezua, kwa sababu hauna paa. Hauna kuta wala viti. Ni uwanja wa majani, uwe Chwale, uwe Kengeja, watu wamesimama duara, na watoto wajanja wameshapanda juu ya miembe.

Mchezo unaochezwa hapo ni mchezo wa ng'ombe. Dume linaletwa limefungwa kamba, nzumari inalia, ngoma zinajibu, na kina mama wanaimba nyimbo za kumsifu mchezaji hodari na kumsuta mwoga. Mchezaji anaingia na kitambaa mkononi, anamchokoza ng'ombe, anamkwepa, anarudi tena kwa madaha. Ng'ombe hauawi. Akichoka anarudishwa malishoni, na mwenyewe anatamba kijiji kizima. Wengi husema mchezo huu ni masalio ya Wareno, waliokuwa na nguvu katika pwani hii kwa karibu miaka 200, mpaka Waarabu wa Oman walipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Huenda. Lakini Mreno hakuacha hizi nyimbo za kina mama, wala vijembe vyao.

Mbona basi nataka kuwasimulia habari za kimbunga? Kwa sababu umati mnaouona pale uwanjani, kwa kiasi kikubwa, umeletwa na kimbunga ambacho kilitukosa.

Ilikuwa tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa masika. Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti cha usultani. Watu wa mji wa Unguja walizijua pepo zao mbili, kaskazi na kusi, na walijua mwezi gani kila moja inaingia. Hii iliyokuja siku hiyo hawakuijua. Kimbunga ni upepo unaozunguka kama pia, na nguvu zake unazinyonya kwenye maji ya bahari yaliyopata joto. Ili uzunguke, unahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia yenyewe, na huo karibu na ikweta ni hafifu sana. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5. Ndiyo maana vimbunga vinawapiga sana watu wa Msumbiji na Bukini, na sisi hutupita mbali. Siku ile kimoja hakikupita mbali.

Majahazi yalitupwa ufukweni. Merikebu za Sultani zikavunjika. Nyumba zikaezuliwa. Mashambani ndiko kulikokuwa na msiba mkubwa zaidi: inakadiriwa theluthi mbili ya minazi na mikarafuu ya Unguja iliangushwa. Na mkarafuu, wanangu, si muhogo. Ukipanda leo, utasubiri miaka 6 au zaidi ndipo uchume karafuu ya kwanza. Mwaka uliofuata, Waingereza walipomtuma Sir Bartle Frere kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, Barghash alijitetea kwa hasara ya kimbunga kile. Hakusikilizwa. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Pemba, bahari ya kiasi cha kilomita 50 tu kutoka Unguja, iliguswa kidogo. Mikarafuu yetu ilibaki imesimama, na bei ya karafuu ilikuwa imepanda. Kila mwenye kipande cha ardhi akataka kupanda. Katika miaka iliyofuata Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka huku.

Msinielewe vibaya, haikuwa neema kwa wote. Mashamba yale mapya yalitaka mikono, na mikono mingi ilikuwa ya watu walioibwa bara na kuvushwa usiku kwa majahazi, mkataba ukiwa umeshatiwa saini. Utumwa haukuondolewa kisheria hapa mpaka mwaka 1897. Waliokuja kwa lazima, na baadaye waliokuja kwa hiari kuchuma kwa ujira wa pishi, wote walikuja na ngoma zao. Mavuno yakiisha na fedha zikiwa mkononi, ndipo harusi zinapofungwa na viwanja vinapojaa. Mimi naona umati wa Pemba ulikuzwa hivyo: karafuu zikawakusanya watu, watu wakakusanya ngoma.

Je, upepo mkali ukipiga kweli, wachezaji wanafanya nini? Kwanza hawachezi. Vijana wanaohitajika kushika kamba ya ng'ombe ndio hao hao wanaohitajika kukata minazi iliyolala njiani na kuezeka makuti upya. Kisha kuna ngoma zenyewe. Ngozi ikiingia unyevu hulegea, sauti ikawa nzito, haitoki. Mpigaji huwasha moto wa makuti makavu, akaigeuza ngoma mbele yake taratibu, akiigonga kwa vidole kusikiliza, mpaka ngozi ikaze. Akiisogeza mno, inapasuka. Ukifika uwanjani ukaona wazee wameinama kwenye moto huku watu wamenuna kwa kusubiri, usiwaharakishe.

Mwezi Mei 2024 tulishtuka tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu, na boti za abiria zikasitisha safari. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, kikapoteza nguvu. Safari hii watu waliambiwa siku kadhaa kabla, jambo ambalo Barghash na merikebu zake zote hakulipata. Mei pia si msimu wa mchezo wa ng'ombe. Huo ni wa wakati wa kaskazi, kabla ya masika, na wapo wazee wanaosema huchezwa kuiita mvua. Kwa hiyo mkipenda kuutazama, njooni Disemba au Januari. Msikae upande ule kamba inakofika, na kabla ya kumshangilia ng'ombe, chagueni kabisa mwembe wa kukimbilia.