Kilwa Jazz, redio ya mbao na mama yetu

Waulize wazee wa Mtwara au Mikindani walicheza muziki wa nani ujanani, na hawatakosa kukutajia Kilwa Jazz. Bendi hiyo ya Ahmed Kipande ilikuwa na makao Dar es Salaam, lakini jina lilikuwa la huku Kusini, na hilo lilitosha kuwafanya wetu. Western Jazz walikuwa na Saboso yao, NUTA Jazz na Msondo. Sisi tulikuwa na Kipande.

Kuwaona jukwaani ilikuwa bahati. Masika yakishika, njia ya Rufiji ilikatika. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Ukumbi wetu ulikuwa redio ya mbao ya baba, majirani wamekaa mkekani.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, na majina ya wanawe humpotea. Kaseti zao zilishaota ukungu, ila mjukuu akazipata nyimbo zile kwenye simu. Mama akasikiliza kimya, kisha akaitikia kiitikio chote, bila kuruka neno. Sasa tunampigia wimbo mmoja kila jioni kabla ya dawa. Baba, ambaye mama alimcheka miaka yote kwamba hajui kucheza twisti, husimama akajaribu.