Moyo Wako Ukiruka Mdundo Mmoja, Cheki Stori ya Kalsiamu Ndani ya Kifua

Wacha nikuulize kitu, msee wangu. Ushawahi kuwa umetulia tu, hakuna presha yoyote, alafu moyo ukaruka mdundo mmoja? Tup! Kama gari imeingia kwa shimo, alafu inaendelea na safari kama hakuna kitu.

Mimi ilinipata nikiwa kwa mathree kati ya Litein na Kapkatet, majani chai kushoto, majani chai kulia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza mikebe miwili ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ile mikubwa ya nusu lita. Manze, niliogopa. Nikaanza kusoma. Mimi si daktari, na chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini hii stori nimeifuata mpaka mwisho.

Mhusika mkuu anaitwa kalsiamu. Ndiyo, ile ya mifupa na meno. Mwaka wa 1883 kulikuwa na daktari London anaitwa Sydney Ringer. Alikuwa anaweka mioyo ya chura kwa maji ya chumvi na inaendelea kudunda poa. Baadaye akagundua maji yaliyotumika yalikuwa ya mfereji, si yale yaliyosafishwa kabisa. Akajaribu na yale safi, na moyo ukaishiwa nguvu. Kumbe maji ya mfereji wa London yalikuwa na kalsiamu. Ukiona ile dripu ya Ringer hosi, jina limetoka kwa huyo buda.

Sasa ingia ndani ya seli moja ya misuli ya moyo. Fikiria kiwanda cha chai. Ndani yake kuna ghala, na ghala limejaa kalsiamu. Kwa uwanja wa kiwanda, kalsiamu ni kidogo sana. Nje ya geti kuu ni nyingi, karibu mara 10,000 ya ile iko uwanjani. Stima ya moyo ikifika, geti kuu inafunguka kidogo na kalsiamu kiasi inaingia. Hiyo kidogo ndiyo inagonga milango ya ghala, milango inaitwa raianodini, na ghala linamwaga mzigo. Kalsiamu inashika nyuzi za misuli, nyuzi zinavutana, moyo unakaza, damu inasukumwa. Huo ndio mdundo.

Lakini kazi haijaisha. Ili moyo ulegee na ujaze damu tena, hiyo kalsiamu lazima iondolewe chap chap. Pampu zinairudisha nyingi ghalani, na ingine inatolewa nje ya geti kwa kubadilishana na sodiamu. Haya yote yanapigwa zaidi ya mara laki moja kila siku, hata ukiwa umelala fofofo.

Noma inaanzia kwa milango ya ghala. Ikilegea, kalsiamu inavuja wakati moyo unafaa kuwa umepumzika. Seli inajaribu kuitoa nje, na hapa kuna hesabu ndogo inaleta balaa: kila kalsiamu moja ikitoka, sodiamu tatu zinaingia. Chaji ya kalsiamu ni mbili, za sodiamu ni tatu, kwa hivyo seli inabaki na chaji moja ya ziada. Uvujaji ukiwa mwingi, hizo chaji zinajumlika na kuwasha mdundo ambao hakuna mtu ameuitisha. Ukiwa mmoja tu, ni ile tup ya mathree. Ikifuatana kama msururu wa matrekta ya chai barabarani, hapo maisha iko hatarini.

Na kafeini je, na tuko Kericho? Ukweli ni kwamba kafeini hufungua hiyo milango ya raianodini, na wanasayansi huitumia maabara kumwaga ghala lote kwa mpigo. Lakini inahitaji kipimo kikubwa kuliko chenye kikombe chako kinaweza kuweka kwa damu. Chai ya kawaida iko na kama miligramu 40 hivi za kafeini. Ule mkebe wa nusu lita uko na kama 160, so mimi siku hiyo nilikuwa nimepiga 320 kabla ya saa nne. Kwa kiwango hicho bado si milango inayofunguliwa moja kwa moja. Ni mwili unaoongeza presha, adrenalini inapanda, pampu zinajaza ghala kupita kiasi. Ghala likijaa sana, linavuja lenyewe. Chai ya kogo haina makosa, usiisingizie.

Alafu kuna wale watasema uongeze mursik ndio moyo upate kalsiamu. Mursik ni tamu, kunywa, lakini mwili una tezi ndogo shingoni zinazolinda kiwango cha kalsiamu kwa damu, na mifupa ndiyo benki yake. Gilasi mbili hazibadilishi kitu moyoni.

Sasa shuka mpaka Bomet. Hospitali ya Tenwek hufanya upasuaji wa moyo, na wagonjwa wengi wanaofika kule ni vijana wenye moyo wa rumatiki. Hii kitu huanza kama koo kuuma utotoni. Vijidudu vya koo visipotibiwa, kinga ya mwili inachanganyikiwa na kushambulia vali za moyo. Vali ya kushoto inakuwa nyembamba, damu inarudi nyuma, chumba cha juu kinavutwa kama baluni. Seli zilizovutwa hivyo huvuja kalsiamu, na chumba kinaacha kukaza na kuanza kutetemeka tu. Damu ikikwama pale, inaganda, na kipande kikipanda kichwani hicho ni kiharusi. Kwa msee wa miaka 25, unaelewa?

Wengi wao hupewa digoksini, dawa iliyotoka kwa mmea ambao daktari William Withering aliandika kuuhusu mwaka wa 1785. Inazuia pampu ya sodiamu, sodiamu inajaa ndani, kalsiamu inashindwa kutoka, ghala linajaa na mdundo unapata nguvu. Pia inapunguza kasi ya moyo. Lakini umeshaona shida iko wapi. Ikizidi kidogo, ghala linafurika, na dawa ya moyo inaleta mdundo mbovu. Kama mathe ama bro wako anaitumia pamoja na tembe za kukojoa, ambazo hupunguza potasiamu, hatari inaongezeka. Akianza kutapika, kukosa hamu ya chakula, ama kuona vitu vikiwa njano, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Usimwongezee dozi eti ndio apone haraka.

Na nyinyi wa mbio, maana huku kila kijiji kina mtu anakimbia. Kuna watu wachache huzaliwa na milango ya raianodini yenye kasoro. Mwaka wa 2001 watafiti walionyesha kosa liko kwa jini yenyewe. Wakitulia, kipimo cha stima ya moyo kinatoka safi kabisa. Wakikimbia ama wakishtuka, adrenalini inapanda, ghala linavuja, na wanaanguka kama gunia. Mtaani utaskia ni kifafa ama mapepo. Kumbe kuna dawa za kutuliza adrenalini na zinasaidia sana.

Kwa hivyo ukizirai katikati ya mbio, si baada ya kumaliza, ama kuna mtu wa familia alikufa ghafla akiwa mdogo, mwambie daktari hayo maneno mawili vile yalivyo na uulize kama unaweza kupimwa moyo ukiwa unakimbia. Kipimo cha kitandani pekee kinaweza kukuambia uko sawa na hauko.