Mnyonyadamu si Mumiani: Tatizo la Majina katika Kufasiri Filamu ya Vita vya Wachawi

UTANGULIZI

Filamu za kigeni zinazoonyeshwa katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki aghalabu hufasiriwa kwa Kiswahili papo hapo, sauti ya mfasiri ikiwa juu ya sauti za wahusika. Mfasiri huyo hana nafasi ya kufungua kamusi. Mhusika anapotoa meno na kuinamia shingo ya mwenzake, sharti jina litajwe mara moja, na jina hilo ndilo watazamaji watakaloondoka nalo. Makala haya yanachunguza majina ya namna mbili: ya kiumbe anyonyaye damu, na ya mtu mwenye nguvu zipitazo za kawaida. Hoja yake ni kwamba majina yaliyomo katika Kiswahili si vyombo vitupu vya kujazwa maana ya kigeni. Kila jina lina historia yake, na baadhi yamewahi kugharimu maisha ya watu.

FILAMU YENYEWE

Mfano unaofaa ni filamu ya Kirusi Nochnoi Dozor, yaani "Doria ya Usiku", iliyotolewa mwaka 2004. Iliongozwa na Timur Bekmambetov kutokana na riwaya ya Sergei Lukyanenko iliyochapishwa mwaka 1998. Hadithi yaanza kwa vita vya kale. Majeshi mawili ya watu wenye nguvu za ajabu, moja la Nuru na jingine la Giza, yakutana darajani na kuchinjana. Geser, mkuu wa upande wa Nuru, atambua kwamba nguvu zimelingana na kwamba wote wataangamia. Asimamisha vita na kufunga mkataba na Zavulon, mkuu wa Giza. Tangu hapo watu wa Nuru hupiga doria usiku ili kuwachunga wa Giza, na wa Giza huwachunga wenzao mchana.

Mjini Moscow, mwaka 1992, kijana aitwaye Anton aenda kwa mwanamke mchawi ili mkewe aliyemwacha amrudie, na akubali mimba ya mkewe iharibiwe. Doria yaingia na kumzuia mwanamke huyo kabla hajalikamilisha tendo lake. Miaka kumi na miwili baadaye Anton, ambaye sasa ni mmoja wa wanadoria, anamlinda mvulana anayewindwa na mnyonyadamu. Mvulana huyo ni mwanawe, yule yule aliyetaka asizaliwe. Kijana ajuapo jambo hilo, achagua upande wa Giza.

Filamu hii iliposambazwa kwa Kiingereza, hata maandishi ya tafsiri yalichorwa kwa ufundi: maneno fulani yaligeuka mekundu na kuyeyuka kama damu ndani ya maji. Ni nadra tafsiri kupewa heshima ya namna hiyo. Mfasiri wa Kiswahili hana rangi wala michoro. Ana uteuzi wa maneno tu.

MUMIANI

Neno la kwanza litakalomjia mdomoni ni "mumiani". Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni dawa nyeusi mfano wa lami au utomvu. Ukoo wa neno hilo ndio uliowapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri, ambazo kwa karne nyingi zilisagwa na kuuzwa kama dawa katika maduka ya Ulaya. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaitaja mumiani kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Yaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, hata uvumi ulipoenea mijini watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua.

Sarufi yenyewe yaonyesha safari ya neno hili. Ilipokuwa dawa, ilisemwa "mumiani hii inauzwa ghali". Leo husemwa "mumiani amekuja" na "mumiani wamemkamata mtoto". Umbo la nomino halikubadilika. Upatanisho ndio uliohama, kitu kikawa mtu.

Lakini mtu huyo ni nani? Si maiti aliyefufuka, wala hana meno marefu. Ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara, atumwaye na wakubwa kukusanya damu kwa ndoo au kwa sindano. Ndiyo maana katika Kenya na Uganda wakati wa ukoloni aliitwa pia "mzimamoto", kwa jina la askari wa zimamoto wenye magari mekundu. Tanganyika palikuwa na jina "chinjachinja", na katika Kiswahili cha Katanga "batumbula", kutokana na kitenzi cha kutumbua. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, alionyesha kwamba visa hivi vyafaa kusomwa kama masimulizi ya watu wa kawaida juu ya kazi, tiba na utawala wa kigeni. Na havikuishia katika masimulizi. Mwaka 1959, huko Buguruni mjini Dar es Salaam, ghasia zilizotokana na uvumi wa mumiani zilimalizika kwa kuuawa askari polisi.

Mnyonyadamu wa Ulaya ana nasaba nyingine. Jina lake la Kislavoni lilienea Magharibi hasa baada ya mwaka 1732, maafisa wa Austria walipoandika taarifa juu ya maiti waliofukuliwa katika kijiji cha Medveđa huko Serbia. John Polidori alimfanya kuwa mwungwana katika hadithi yake ya mwaka 1819, na Bram Stoker akampa jina la Dracula mwaka 1897. Hata sifa inayodhaniwa kuwa ya kale sana, ya kufa kwa mwanga wa jua, ilitokana na filamu ya F. W. Murnau, Nosferatu, ya mwaka 1922. Dracula wa Stoker huweza kutembea mchana. Kiumbe huyu hunyonya kwa sababu ya njaa yake mwenyewe. Mumiani hana njaa, ana bwana.

Kwa hiyo kumwita mnyonyadamu wa Moscow "mumiani" ni kumpa mtazamaji hofu isiyo ya filamu ile. Hata hivyo, pana mahali ambapo hofu hizi mbili zakaribiana. Katika riwaya ya Lukyanenko, wanyonyadamu hupewa vibali vya kuwinda watu, na watoaji wa vibali hivyo ni watu wa Nuru. Damu hutoka kwa idhini ya ofisi. Msikilizaji aliyelelewa na visa vya zimamoto ataielewa sehemu hiyo upesi kuliko mtazamaji wa Ulaya, ingawa jina la mumiani halikutajwa.

MNYONYADAMU

Neno "mnyonyadamu" laonekana kuwa safi zaidi, kwa kuwa lataja tendo lenyewe. Lakini nalo halikuzaliwa jana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "mnyonyaji" katika Tanzania lilikuwa jina la mtu aishiye kwa jasho la wengine, na alifananishwa na kupe. Mtazamaji mwenye umri atausikia mwangwi wa siasa hiyo. Mwangwi huo haudhuru, kwani hauelekezi kidole kwa jirani wala kwa dereva wa gari jekundu. Kwa sababu hiyo neno hili lafaa kuliko mumiani.

MGANGA, MCHAWI NA MWANGA

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Lugha za Ulaya zina neno moja la kumtaja mwenye nguvu za ajabu, awe mwema au mwovu. Kiswahili hakikubali. Mganga huganga, yaani hutibu na kuunga kilichovunjika. Ndiyo sababu wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mchawi huloga, na kazi yake ni madhara. Kusema "mchawi mwema" ni kusema jambo linalojipinga lenyewe.

Ugumu huo waweza kuwa faida. Mwanamke aliyekubaliana na Anton kuua kilichomo tumboni ni mchawi hasa, bila shaka yoyote. Methali yasema mchawi mpe mtoto akulelee. Anton alimpa wake ili amwue, na malipo yake yakawa kumpoteza mara ya pili. Geser na wenzake, kinyume chake, hawawezi kuitwa wachawi bila kuiharibu hadithi. Wala si waganga kamili, maana wanapigana na kutoa vibali. Neno la vitabuni "msihiri", litokanalo na sihiri, halina hukumu nzito na laweza kutumika kwa pande zote mbili.

Pana mtego mmoja zaidi. Mfasiri akiwaita watu wa Geser "watu wa mwanga", atakuwa amejikwaa. "Mwanga", wingi wake "mianga", ni nuru. Lakini "mwanga", wingi wake "wanga", ni mchawi azungukaye usiku. Jeshi la wema litageuka jeshi la wanga kwa neno moja. Heri kutumia "Nuru" na "Giza".

HITIMISHO

Yaweza kusemwa kwamba hii ni filamu ya kujifurahisha tu, na kwamba jina lolote litatosha. Lakini mwaka 2008, katika eneo la Kisii, wazee walichomwa moto hadi kufa kwa kuitwa wachawi. Mauaji hayo yalianza kwa jina, kabla ya kiberiti. Mfasiri hana mamlaka juu ya imani za watu, ila ana mamlaka juu ya neno atakalolitamka gizani mbele ya watazamaji. Basi anyonyaye damu aitwe mnyonyadamu, mwenye sihiri aitwe msihiri, na jina la mchawi libaki kwa yule ambaye hadithi yenyewe imemthibitisha. Mumiani aachiwe historia, ambayo bado haijamaliza kumweleza.